Krimu ya kukaza ngozi na mkaja wa lastiki: majaribio ya wiki 12

Bidhaa ninazozitathmini huuzwa pamoja kama seti: chupa tatu za krimu ya kukaza ngozi, kila moja ya mililita 200, na mkaja wa lastiki wenye safu tatu za kulabu, unaobana kuanzia chini ya kifua hadi nyongani. Nilizinunua kwa shilingi 4,800 katika mojawapo ya maduka madogo yaliyogawanywa ndani ya jengo moja karibu na Moi Avenue, yale ambayo sisi wakazi wa Nairobi huyaita ekzibisheni. Maandishi yaliyo kwenye boksi yanaahidi kwamba ngozi iliyolegea kwa sababu ya kupunguza uzani itarejea hali yake ya zamani kwa muda wa siku 30. Mimi nilizipa wiki 12, nikapima na kuandika kila Jumapili, kwa sababu nilitaka kujua ukweli kabla ya kumshauri mtu mwingine atoe pesa zake.

Ni vyema nieleze kwanza hali iliyonipeleka dukani, maana nadhani wengi wananunua kwa sababu kama yangu. Nina umri wa miaka 43 na ninafundisha katika shule ya msingi huku Eastlands. Nilianza kupunguza uzani nikiwa na kilo 104, baada ya kupimwa na kuambiwa kwamba presha yangu ilikuwa imepanda kiasi cha kutisha. Nilipofika kilo 82, presha ilikuwa imeshuka na magoti hayakuwa yakiniuma tena nikipanda ngazi, lakini nilikuwa nimepata hofu mpya. Nilipoinua mkono kuandika ubaoni, nyama ya chini ya mkono ilitikisika baada ya mkono wenyewe kutulia, na chini ya kitovu palikuwa na mkunjo wa ngozi laini ambao haukuwapo nilipokuwa mnene. Mwenzangu mmoja katika chumba cha walimu aliniambia, kwa nia njema kabisa, "Mwalimu, ukiendelea kukonda utabaki ngozi tupu." Maneno hayo yalinikaa moyoni. Kwa wiki tatu niliacha kutembea jioni, nikarudia chapati usiku, nikitumaini kuijaza ngozi hiyo kidogo, hadi siku moja nilipojiuliza kama kweli nilikuwa tayari kuirudisha presha ili mkono wangu uonekane umejaa. Ndipo nilipokwenda kutafuta dawa ya ngozi.

Muuzaji alinipokea kwa heshima. Aliniita mama, akanipa kiti, akanionyesha picha za wanawake waliokuwa na matumbo yaliyolegea upande wa kushoto na matumbo bapa upande wa kulia. Hata hivyo, hakuniuliza umri wangu, wala nimekuwa mnene kwa miaka mingapi, wala nimepunguza kilo ngapi na kwa muda gani, wala kama navuta sigara. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba mambo hayo manne ndiyo yenye uzito mkubwa katika suala zima, pamoja na maumbile ambayo mtu huyarithi kwa wazazi wake.

Kuhusu krimu, niliamua kuipaka mkono wa kulia peke yake asubuhi na jioni, na mkono wa kushoto nikaupaka mafuta ya kawaida ya mgando kwa muda uleule na kwa kusugua kulekule. Shangazi yangu, ambaye ni fundi cherehani na mkono wake na futi havijawahi kukosana, alinipima kila Jumapili baada ya ibada. Alipima mzunguko wa mkono katikati ya bega na kiwiko, mikono ikiwa imening'inia, na sikumwambia ni mkono upi uliokuwa ukipakwa krimu. Siku ya kwanza mkono wa kulia, ambao ndio niandikao nao, ulikuwa na sentimita 36, na wa kushoto 35 na nusu. Baada ya wiki 12 wa kulia ulikuwa na sentimita 33 na nusu, na wa kushoto 33. Katika muda huo uzani wangu ulishuka kutoka kilo 82 hadi 77.

Naomba msomaji atazame tarakimu hizo kwa makini, kwa sababu ndani yake ndimo yalimo mafanikio ya biashara hii. Mkono uliopakwa krimu ulipungua sentimita mbili na nusu. Kama ningepaka mikono yote miwili, ningekuja hapa kwa furaha ya kweli nikasema krimu imefanya kazi, na ningekuwa nimewapotosha watu bila kujua. Lakini mkono uliopakwa mafuta ya mgando ya bei ndogo nao ulipungua sentimita mbili na nusu. Kilichopunguza mikono yote miwili ni mafuta ya mwilini yaliyoendelea kuyeyuka pamoja na mazoezi niliyokuwa nikifanya. Nilipomuuliza Shangazi katika wiki ya tisa ni mkono upi anaodhani unapata nafuu, alitazama, akabinya, kisha akasema ni wa kushoto.

Nisiidhulumu krimu yenyewe. Ni laini, hainuki vibaya, haikuniacha na madoa kwenye nguo, na ilituliza kabisa ule mwasho wa ngozi kavu niliokuwa nao wakati wa baridi ya Julai. Ngozi iliyopata unyevu hung'aa na mikunjo midogo huonekana kupungua kwa saa kadhaa, na nadhani mng'ao huo ndio unaowafanya wanunuzi wengi waamini siku za mwanzo. Mafuta ya mgando yalifanya vivyo hivyo. Kasoro kubwa zaidi ni kwamba chupa ina neno kolajeni, yaani protini ya ngozi, kwa herufi kubwa lakini haina orodha kamili ya viambato, na sikuona popote nembo ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa nchini, KEBS. Nilipaswa kulitambua hilo nikiwa bado dukani.

Mkaja unastahili maelezo yake. Neno lenyewe ni la zamani, na bibi zetu walijifunga mkaja wa kitambaa baada ya kujifungua. Hata katika posa za Waswahili wa pwani kuna fedha inayoitwa mkaja, anayopewa mama wa bibi arusi kwa kukumbuka taabu ya uzazi. Kwa hiyo niliuvaa huu wa lastiki kwa imani fulani. Siku ya harusi ya binamu yangu huko Machakos nguo ilinikaa vizuri sana, na kwa kazi hiyo ya kushikilia tumbo ndani ya nguo kwa saa mbili au tatu, mkaja huu umeshonwa vizuri na kulabu zake hazijalegea hadi leo. Tatizo ni kwamba muuzaji alinielekeza niuvae kwa muda wa saa nane kila siku. Ndani ya matatu iliyojaa saa kumi na moja jioni, jasho lilikusanyika chini ya ule mkunjo wa tumbo, na kufikia wiki ya tano ngozi ya hapo ilikuwa nyekundu, imechubuka, inawasha na kutoa harufu. Tumbo halikuwa limepungua zaidi ya lilivyokuwa likipungua kabla. Kila nilipouvua, mkunjo ulirudi mahali pake kabla sijamaliza kukunja mkaja wenyewe.

Uchubukaji huo ndio ulionipeleka kwa daktari wa ngozi, na nasikitika kwamba sikuanzia kwake. Swali lake la kwanza lilikuwa kama krimu yangu ina steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho. Sikuwa na jibu, kwa kuwa chupa haisemi. Alinieleza kwamba krimu zenye steroidi kali zikipakwa kwa muda mrefu huifanya ngozi kuwa nyembamba na hata kuleta michirizi, yaani mtu anaweza kununua dawa ya kukaza ngozi na kuidhoofisha zaidi. Kisha alinieleza jinsi ngozi inavyofanya kazi, kwa lugha niliyoweza kuifuata. Chini ya tabaka la juu tunaloliona kuna tabaka nene lenye nyuzi za protini za aina mbili: kolajeni, inayoipa ngozi uimara, na elastini, inayoiwezesha kurudi baada ya kuvutwa. Elastini hutengenezwa kwa wingi tangu tumboni mwa mama na utotoni, na mtu mzima hawezi kuijenga upya vizuri ikishaharibika. Ngozi iliyovutwa kwa miaka mingi na unene au mimba, ikaunguzwa na jua au kudhoofishwa na moshi wa sigara, hupoteza sehemu ya nyuzi hizo. Nayo kolajeni inayopakwa juu ni molekuli kubwa mno kupenya hadi kwenye tabaka hilo, kwa hiyo hubaki juu na kufanya kazi ya mafuta ya kawaida.

"Mama, ngozi yako bado haijamaliza kujirekebisha," aliniambia, "na uzani wako bado unashuka. Huwezi kuihukumu sasa."

Neno hilo lilinipa utulivu ambao seti nzima haikunipa. Alisema ngozi huendelea kujikaza kwa miezi mingi baada ya uzani kutulia, ingawa kwa aliyepunguza kilo nyingi haitarudi yote, na hakunificha kwamba mkunjo wangu wa tumbo huenda ukabaki. Alinishauri nishuke polepole, kati ya nusu kilo na kilo moja kwa wiki au hata chini ya hapo, kwa sababu anayeshuka haraka kwa kujinyima chakula hupoteza misuli pamoja na mafuta, na misuli ndiyo inayobaki kuijaza ngozi kwa ndani. Nikamuuliza kuhusu maji, kwa kuwa nimesikia mara nyingi kwamba kunywa maji mengi hukaza ngozi. Alisema maji ni muhimu kwa afya lakini hayataondoa mkunjo.

Njia pekee ya kuiondoa ngozi iliyozidi ni kuikata kwa upasuaji. Shangazi alilisema jambo hilohilo kabla ya daktari, akiwa na gauni langu la zamani mezani: "Nguo ikizidi mimi hutumia mkasi; sijaona fundi anayepunguza kitambaa kwa kukipaka mafuta." Upasuaji wa tumbo huacha kovu refu kutoka nyonga hadi nyonga, una hatari zake za kuambukizwa na kuganda kwa damu, na daktari mwangalifu hutaka kwanza ukae na uzani usiobadilika kwa miezi sita au zaidi. Kwa mtu ambaye mikunjo inamchubua kila mara au inamzuia kutembea, ni matibabu halali wala si urembo wa bure, na hapaswi kuaibishwa. Anayeufikiria na athibitishe kwanza kwamba daktari yumo katika sajili ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, ambayo inapatikana mtandaoni. Mimi siuhitaji kwa sasa.

Uchubukaji ulipona kwa muda wa siku kumi kwa dawa ya fangasi aliyoniandikia daktari, pamoja na kuosha, kukausha vizuri chini ya mkunjo na kuvaa pamba. Mazoezi nayafanya katika jimu ndogo ya mtaani kwetu mara tatu kwa wiki, vyuma zaidi kuliko kukimbia, na chakula changu cha jioni kina mayai, ndengu, maharagwe au omena, kwa sababu misuli haijengwi kwa chai na mkate. Hayo si maajabu. Lakini mkono wangu umeanza kuwa na umbo chini ya ile ngozi, mikono yote miwili.

Kwa hiyo tathmini yangu ni hii: krimu naipa alama moja kati ya tano kama dawa ya kukaza ngozi, na tatu kama mafuta ya kulainisha, ingawa kwa bei hiyo mtu atapata mafuta ya mgando ya mwaka mzima na chenji ibaki. Mkaja naupa alama tatu kwa anayeutaka kwa saa chache za sherehe, na siushauri kabisa kwa kuvaliwa siku nzima, hasa kwa mwenye mkunjo wa tumbo au aliyefanyiwa upasuaji wa uzazi karibuni bila kumwuliza daktari. Huduma ya dukani ni nzuri, ila ahadi iliyo kwenye boksi si ya kweli, na ninaamini inawaumiza watu ambao tayari wana hofu.

Nilirudi dukani juma lililopita na chupa ya tatu, ambayo sikuwa nimeifungua, nikamwonyesha muuzaji daftari la vipimo. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akanyamaza kidogo, kisha akakubali kunibadilishia chupa hiyo kwa kopo mbili za mafuta ya mgando na sabuni isiyo na manukato. Mkaja hakuupokea kwa kuwa umekwisha kuvaliwa, na kwa hilo simlaumu. Nilimwomba aondoe zile picha ukutani, akasema atazungumza na mwenye duka.