Dire Wolf kwenye kompyuta ya nyumbani: programu ni safi, kazi iko kwenye nyaya

Dire Wolf ni programu ya bure iliyoandikwa na John Langner wa Marekani, mwenye kitambulisho cha redio WB2OSZ. Inaigeuza kadi ya sauti ya kompyuta kuwa modemu ya redio ya pakiti, yaani ya kutuma na kupokea data kwa vipande kupitia redio, kazi ambayo zamani ilihitaji kiboksi maalumu cha kuagiza kutoka nje. Leo kompyuta mpakato iliyozeeka, redio ya mkononi ya mita 2 (masafa ya karibu 145 MHz) na kadi ya sauti ya USB vinatosha. Alama tisa kwa kumi, na tunazitoa kwa moyo mkunjufu. Ile moja inapungua kwa sababu haina madirisha wala vitufe: yote ni maandishi, na mwongozo wake ni mrefu. Ikigoma, iwe Mji Mkongwe au Wete, usianze kuilaumu programu. Kagua sauti, halafu swichi ya kurushia, halafu antena, kwa mpangilio huo.

Ubora wake uko kwenye kusikia. Pakiti za mita 2 hutumia toni mbili, 1200 na 2200 Hz, kwa kasi ya biti 1200 kwa sekunde. Zikipita kwenye maikrofoni na spika za redio tofauti, toni moja hufika na nguvu na nyengine hufika dhaifu. Dire Wolf hulinganisha toni hizo kwa viwango kadhaa kwa wakati mmoja, kwa hiyo pakiti iliyopinda namna hiyo bado inasomeka. Ndiyo maana haichagui sana redio.

Kwenye Debian, Ubuntu au Raspberry Pi inawekwa kwa amri moja: sudo apt install direwolf. Kabla ya kugusa redio, ijaribu yenyewe. Andika gen_packets -n 100 -o jaribio.wav, kisha atest jaribio.wav. Ya kwanza hutengeneza pakiti 100 zinazozidi kufunikwa na kelele, ya pili huzisoma. Hazitasomeka zote 100, na hilo ni sawa kabisa. Zikisomeka nyingi, ujue programu ni nzima, na tatizo lolote litakalofuata liko nje yake.

Faili la direwolf.conf linahitaji mistari michache tu:

ADEVICE plughw:CARD=Device,DEV=0
CHANNEL 0
MYCALL (kitambulisho chako)
MODEM 1200
PTT /dev/ttyUSB0 RTS
TXDELAY 40
TXTAIL 10

Jina la kadi utalipata kwa arecord -l. Tumia jina, usitumie namba, kwa sababu namba hubadilika kompyuta ikiwashwa upya na programu ikaishia kusikiliza kadi isiyo yake. TXDELAY huhesabiwa kwa sehemu za milisekunde 10, kwa hiyo 40 ni milisekunde 400, muda wa kutosha kwa redio ya bei nafuu kutulia kabla ya data kuanza. Kitambulisho cha MYCALL ni kile cha leseni yako ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania. Bila leseni unasikiliza tu, hurushi. Mtumiaji wa kompyuta naye aingizwe kwenye makundi ya audio na dialout, la sivyo programu itakataliwa kufungua kadi na porti.

Sasa sauti, ndipo wengi wanapokwama. Kila pakiti ikipokelewa, Dire Wolf huandika kitu kama audio level = 52(14/12). Namba ya kwanza iwe karibu na 50. Mbili za kwenye mabano ni nguvu ya toni ya chini na ya juu. Zikikaribiana, sauti yako iko sawa. Namba ya kwanza ikipita 100, sauti imezidi na pakiti zinaweza kupotea ingawa sikioni unazisikia vizuri. Fungua alsamixer, shusha kipimo cha kupokea, na kama kadi ina Auto Gain Control, izime. Hiyo hupandisha kelele pakiti zinapokuwa hazipo, halafu pakiti inapoingia mwanzo wake unaharibika.

Upande wa kurusha, kadi hutoa sauti kubwa mno kwa tundu la maikrofoni. Weka rezista ya kiloomu 10 kwenye mstari na ya kiloomu 1 kwenda ardhi, kisha kapasita ya mikrofaradi 1 kabla ya maikrofoni, kwa kuwa tundu hilo lina volti zake. Ukikosa kapasita utasikika, lakini kwa mkwaruzo. Halafu endesha direwolf -x a, inayorusha toni mbili kwa kupokezana, na usikilize kwa redio ya pili. Pandisha sauti mpaka uone haiongezeki tena, kisha ishushe vizuri chini ya hapo. Anayerusha kwa sauti kubwa kupita kiasi hasomeki, hata akiwa nyumba ya pili.

Swichi ya kurushia, ile PTT ya kwenye faili, ina mtego mmoja unaostahili maelezo marefu. Vibodi vidogo vya kugeuza USB kuwa porti, vyenye chipu ya CH340 au CP2102, hutoa RTS (pini inayoamuru swichi) kinyumenyume: ikiwa haijaitwa, pini iko juu. Ukiunganisha transista ya 2N2222 moja kwa moja, redio itarusha tangu unapochomeka USB. Kuandika -RTS kwenye faili kunageuza mambo, lakini kabla Dire Wolf haijaanza redio tayari iko hewani. Dawa nzuri ni PC817, chipu yenye taa ndani inayofunga swichi kwa mwanga. Toa volti 3.3 za kibodi kupitia rezista ya omu 470 hadi mguu chanya wa taa ya ndani, na mguu hasi uende RTS. Hapo inawaka RTS inapoitwa tu, na faili linabaki na RTS ya kawaida. Kwenye UV-5R, redio ya mkononi ya Baofeng, upande wa pili wa PC817 huunganisha shina la plagi ya milimita 3.5 na shina la plagi ya 2.5.

VOX, redio kujirusha yenyewe ikisikia sauti, tunaikataa. Hukawia kuachia baada ya pakiti kwisha, na jibu la mwenzako linakukuta bado unarusha.

Kwenye UV-5R yenyewe: SAVE (kuokoa betri) izimwe, TDR (kusikiliza masafa mawili) izimwe, ROGER (mlio wa kumaliza kurusha) izimwe, W/N (upana wa mawimbi) iwe WIDE, SQL (skwelchi, inayonyamazisha kelele) iwe 0. SAVE hulala na kukata mwanzo wa pakiti, na skwelchi iliyofungwa hufanya vivyo hivyo. TOT, kikomo cha muda wa kurusha, iweke sekunde 15. Hii ni bima: mawimbi ya redio yakiingia kwenye waya wa USB, kadi huchomoka, dmesg (kumbukumbu za mfumo) huandika USB disconnect, na swichi inaweza kubaki imeshikwa. Tatizo hilo husababishwa na ile antena ya mpira iliyo mezani kando ya kompyuta. Rusha kwa nguvu ndogo, funga feraiti (kipande cha kuzuia mawimbi ya redio) kwenye waya wa USB, na toa antena nje.

Antena ya nje ni kazi ya saa moja. Chukua soketi ya SO-239, fito ya shaba ya sentimita 49 juu, na fito nne za sentimita 51 zilizoinamishwa nyuzi 45 chini. Waya wa antena wa RG-58 hupoteza karibu desibeli 2 kwa mita 10 kwenye masafa haya, basi usiurefushe bure. Chumvi ya pwani ndiyo adui. Plagi ikiachwa wazi huota kutu ya kijani, na maji ya masika hutambaa ndani ya waya mpaka mezani. Izungushie utepe wa mpira unaojishika, na waya ufanye kitanzi cha kuteremka kabla ya kuingia dirishani.

Unguja stesheni za pakiti ni chache, kwa hiyo mwalimu bora yuko angani. Kituo cha Anga cha Kimataifa kina redio ya pakiti kwenye 145.825 MHz. Hupita kwa dakika zisizozidi kama kumi, na wakati mwengine redio hiyo huzimwa kwa shughuli za wanaanga. Kikipita juu, mistari ya RS0ISS, kitambulisho cha kituo hicho, huanza kumiminika. Kikiwa juu ya Msumbiji, stesheni ya Unguja na ya Afrika Kusini zinakiona pamoja, na pakiti iliyoandikwa ARISS kwenye njia yake ya kupitia hurudishwa chini kwa wote wawili. Tuma mwenyewe ukiwa umekaa mezani, usiiachie kompyuta kujirushia siku nzima.

Umeme ukikatika, Raspberry Pi inaweza kuharibu kadi yake ya kumbukumbu. Kompyuta mpakato yenye betri inayoshika hata dakika 20 ni chaguo bora kwetu.

Unguja na Pemba kwa mita 2 moja kwa moja ni jambo gumu. Antena mbili za mita 10 huonana kwa takriban kilomita 26, na Nungwi hadi Mkoani ni zaidi ya 50. Kwa hiyo aliye Chake na aliye Mjini wafikirie HF, masafa ya chini yanayorudishwa na anga: 7 MHz mchana, daipoli (antena ya waya) yenye urefu wa mita 20 iliyofungwa minazi miwili, mita 4 au 5 kutoka ardhini, ili mawimbi yapande juu na kuteremka karibu. Hapo kasi ni biti 300 kwa sekunde, na redio mbili zikipishana hata Hz 50 hazisikilizani. Dire Wolf inalo jibu: andika MODEM 300 1600:1800 7@30. Itafungua masikio saba yaliyopishana Hz 30, na mojawapo litamshika mwenzako.