Stopa ya jiliwa kutoka Kariakoo: nzuri, ila ikate kwanza

Hapa Makambako kinachoniweka mjini ni mahindi. Sisagi mimi, nawachongea wanaosaga. Nyundo za mashine za kusaga, vile vipande vya chuma vinavyozunguka ndani na kupiga mahindi, zinalika ncha kila msimu, na mwenye mashine anataka seti nzima kwa mpigo, kwa sababu ukichanganya nyundo mpya na zilizolika mashine inatikisika mpaka bati za paa zinaimba.

Nyundo ninayochonga sana ni chuma bapa cha milimita 6, upana 40, urefu 180, tundu moja kila mwisho ili ncha ikilika mtu ageuze. Seti moja ni nyundo 24. Mwezi wa sita nilikuwa na oda ya seti 4, maana yake vipande 96 na matundu 192. Miaka yote nimefanya kama nilivyofundishwa: unachora mstari, unapiga panchi, unafunga kwenye jiliwa (kibano cha kushikia chuma, au vaisi kama tunavyoita gereji), unalenga kwa jicho, unatoboa. Tundu la kwanza unalilenga vizuri kabisa. La mia moja na hamsini unalilenga vidole vimekufa ganzi, na anayeijua baridi ya Juni huku kwetu hahitaji maelezo. Msimu uliopita mama mmoja alinirudishia seti nzima ndani ya gunia. Hakugomba. Aliniambia tu, "Fundi, hizi zinacheza ngoma." Nikazipanga mezani nikapima: kutoka tundu mpaka ncha, kati ya nyundo fupi na ndefu kulikuwa na tofauti ya karibu milimita 2.

Ndiyo sababu nikaagiza stopa, kizuizi cha kufunga kwenye jiliwa ili kila kipande kisimame palepale. Sanduku jeupe, halina jina la kampuni wala karatasi ya maelezo. Shilingi 68,000 pale Kariakoo, na 5,000 ya kuitia kwenye basi.

Ndani kuna kipande cha alumini cha kufungwa ubavuni mwa jiliwa kwa boliti mbili, fimbo ya chuma ya milimita 8 yenye urefu wa sentimita 20 hivi, skrubu ya kuibana, na kiungo kinachokunjika ili uielekeze fimbo utakako. Kazi yake ni ndogo. Unaitega mara moja, halafu kila kipande kinachofuata unakisukuma mpaka kiguse, unafunga jiliwa, unachonga. Taya lisilotembea linakupa mbele na nyuma, vyuma vya kulalia chini ya kipande vinakupa kimo, na stopa inakupa kushoto na kulia, ile sehemu niliyokuwa naiachia jicho.

Mashine yangu ya kuchongea chuma (milling) ni Bridgeport kuukuu iliyotengenezwa Leicester, Uingereza, na jiliwa lake ni la inchi 6. Kabla ya kuanza oda niliijaribu hivi: nikachukua kipande kimoja, nikakisukuma kiguse stopa, nikafunga, nikaweka saa ya kupimia kwenye mwisho wa pili, nikasoma. Nikafungua, nikatoa kipande, nikakirudisha. Mara kumi. Kama stopa ni ya kweli, mshale unarudi palepale.

Haukurudi. Kati ya usomaji mdogo na mkubwa kulikuwa na tofauti ya milimita 0.4. Nikadhani boliti zimelegea, nikakaza, ikawa vilevile. Dogo wangu ndiye aliyeona. Alikuwa anasukuma kipande kwa kidole gumba na kuitazama fimbo, akasema, "Bosi, inapinda." Kweli. Nilikuwa nimeitoa nje milimita 150 ili ifike nilipotaka, na fimbo nyembamba ya urefu huo ukiisukuma inapinda kama fito. Kumbe hatukuwa tunapima chuma, tulikuwa tunapima nguvu za kidole gumba. Kidole changu na cha dogo havilingani.

Hesabu yake niliisoma chuoni na sikuwahi kuihitaji mpaka siku ile: fimbo iliyoshikwa upande mmoja, ukipunguza urefu uliotokeza ukawa nusu, inakuwa ngumu mara nane. Nikasogeza kipande cha alumini karibu, nikakata fimbo kwa msumeno ili itokeze milimita 60 tu. Kutoka 150 hadi 60 ugumu unapanda zaidi ya mara kumi na tano. Nikarudia mara zile kumi, tofauti ikashuka hadi milimita 0.05. Kwa nyundo ya kusagia mahindi hiyo inatosha na kubaki.

Ncha nayo ilinisumbua. Fimbo ilikuja imekatwa bapa kama penseli isiyochongwa, na uso bapa unapenda uchafu. Chenga moja ya chuma ikiingia kati, kipande kinasimama mbali na wewe hujui. Nikaichonga kwenye mashine ya kukereza ikawa duara kama kichwa cha kidole, iguse sehemu moja tu. Pia nimeitega iguse katikati ya unene wa kipande. Msumeno unaacha meno madogo ukingoni, na stopa ikigusa yale meno inayanakili kwa uaminifu mkubwa, halafu yakivunjika vipimo vyote vinahama.

Hapo ndipo wengi tunailaumu stopa bure. Stopa haijui urefu wa kipande chako. Inajua ule mwisho ulioigusa, basi. Vipande vyangu 96 vilitoka kwenye msumeno vikiwa na urefu wa 182 hadi 185. Ningetoboa moja kwa moja, kila tundu lingekuwa milimita 20 sawasawa kutoka mwisho wake, na bado nyundo zingekuwa ndefu na fupi, kwa sababu kinachopiga mahindi ni ncha ya upande wa pili. Kwa hiyo nilianza kwa kunyoosha mwisho mmoja wa vipande vyote. Kisha nikavigeuza, mwisho ulionyooka ukagusa stopa, nikachonga mwisho wa pili hadi 180. Kutoboa kukaja mwisho: tundu la kwanza kwa vyote 96 bila kugusa mkono wa meza, nikageuza, la pili kwa vyote 96. Kazi iliyokuwa inanichukua siku tatu iliisha kwa siku moja na nusu, na nusu siku nzima ilikwenda kwenye kunyoosha ncha.

Dogo nimempa sheria mbili. Brashi ya rangi inapita kwenye taya, kwenye vyuma vya chini na kwenye ncha ya stopa kabla ya kila kipande, siyo baada ya vitano. Na kipande kiguse stopa kwa upole, kisha jiliwa lifungwe, kisha kigongwe kwa nyundo ya plastiki mpaka vyuma vya chini visitingishike, kwa sababu taya linalotembea likikaza hupenda kukiinua kipande. Siku ya kwanza alikuwa anakibamiza kwenye stopa kama anafunga mlango wa daladala. Na mimi nilikosea: nilipokuwa nachonga mwisho niliacha kata (kisu cha mashine kinachozunguka) isukume kipande kuelekea stopa, nikiamini itakishikilia. Haishikilii. Kipande kilihama kidogo, stopa ikazunguka kwenye kiungo chake, nikapoteza kipimo nikiwa nyundo ya thelathini na kitu. Stopa inapima, anayeshika ni jiliwa. Kile kiungo kinachokunjika ndicho udhaifu mkubwa wa bidhaa hii. Nimekikaza na sitaki kukikunja tena.

Nimewahi kuazima ile ya sumaku inayonata kwenye taya. Inawekwa upesi, lakini baada ya dakika kumi ina ndevu za chenga na unasafisha kuliko unavyochonga. Hii ya boliti naipenda zaidi kwa kuwa imefungwa upande wa taya lisilotembea. Usije ukaifunga kwenye taya linalotembea hata kama nafasi ipo, maana kila ukifungua jiliwa kipimo kinaondoka nalo.

Lakini nisikudanganye fundi mwenzangu. Kama unachonga kitu kimoja cha kipimo kimoja mwaka mzima, 68,000 weka mfukoni. Toboa tundu ubavuni mwa taya lisilotembea, kata nyuzi za M8 (za boliti ya milimita 8), funga bapa fupi lenye boliti na nati ya kuibana isilegee. Boliti iliyochongwa kichwa duara itakufanyia kazi ileile, na ni ngumu kuliko hii. Stopa ya kununua inamfaa mtu kama mimi, anayechonga nyundo leo na vishikio vya beringi kesho.

Ukiamua kuagiza, uliza unene wa fimbo kabla ya kuuliza bei. Kwa urefu uleule, fimbo ya milimita 12 ni ngumu mara tano kuliko hii ya 8. Niliyemuagiza mimi hakuwa anajua ni ngapi. Nilipotaka kuongeza ya pili nilimwomba aiweke juu ya rula, apige picha, anitumie. Ilikuwa 8 tena. Sikuichukua.