Miaka 11 nikikatwa ada ya chama cha walimu, haya ndo nimepata

Wiki iliyopita kwa stafurumu walimu wawili wa JSS, yaani sekondari ya chini, hawa vijana walioajiriwa rasmi baada ya kuzungushwa na intanshipu, ile ajira ya muda, waliletewa fomu za chama wakaniuliza, madam, tusaini ama tuwache? Nikaanza kuwajibu nikaona maneno ni mengi kuliko breki ya saa nne, chai ikapoa, kengele ikalia. Sasa nayaandika hapa yote. Watu huandika maoni marefu juu ya simu ya elfu kumi ama hoteli walikula samaki mara moja, na hii huduma tunailipia kila mwezi mpaka tustaafu lakini hakuna anayeiandikia hata sentensi moja.

Chama changu sitakitaja wala tawi, ni huku Magharibi mwa Kenya tu, itoshe hivo. Nilianza kazi 2014 primari, 2023 nikapelekwa JSS, na ada haijawahi ruka mwezi hata mmoja.

Tuanze na bei. Ni karibu asilimia 2 ya besiki, mshahara wa msingi. Kama besiki yako ni elfu 40 hiyo ni 800 kwa mwezi, mwaka mzima 9,600. Haupigiwi simu kuulizwa, inatoka kabla uione, iko tu hapo kwa peslipu imejipanga na SHIF ya bima ya afya asilimia 2.75, pesa ya nyumba asilimia 1.5, pensheni asilimia 7.5, kodi ya PAYE na sacco, na ukimaliza kusoma ile orodha unajiuliza kwani mwenye mshahara ni nani. Na msifikirie ukikataa kusaini umeponyoka kabisa, sheria ya mahusiano ya kazi ya 2007 inaruhusu asiye memba akatwe ada pia kama mkataba ambao chama kimesaini unamfaidi. Kwa hivyo swali langu kwa hawa vijana si eti walipe ama wasilipe. Ni nini unapata, na unaipata saa ngapi. Hiyo ya saa ngapi mtaona kwa nini naisema.

Kazi kubwa ya chama ni mshahara na hapo ndo nina maneno mengi zaidi. Wazee wa stafurumu bado wanasimulia Oktoba 1997, enzi za Ambrose Adongo akiwa katibu mkuu wa chama cha walimu KNUT, walimu waligoma kabla ya uchaguzi, serikali ikakubali nyongeza ya asilimia 150 hadi 200 ilipwe kwa awamu miaka mitano, awamu ya kwanza ikaingia, halafu ikasemekana hakuna pesa na 1998 wakarudi barabarani. Mimi hiyo nilisikia tu. Ya 2015 nilikuwa ndani. Nilikuwa na mwaka mmoja kazini, Jaji Nduma Nderi akatoa uamuzi walimu waongezwe asilimia 50 hadi 60, tuliimba mpaka sauti zikakauka, na mimi kwa ujinga wa ujana nilishaanza kuulizia bei ya ploti. Septemba ikafika, mgomo wiki tano, Rais Uhuru Kenyatta akasema pesa hakuna na haitalipwa. Mshahara wa Septemba wa waliogoma ukazuiwa. Nilikuwa nachukua unga na sukari kwa deni kwa duka moja pale Luanda ya Vihiga, yule mzee ako na daftari ya kurasa mia moja yenye amefunga na raba, jina langu lilijaza ukurasa mmoja likavuka la pili, na kila nikifika anaifungua polepole hasemi kitu, anaandika tu. Novemba Mahakama ya Rufaa ikaufuta ule uamuzi. Deni la mzee nililimaliza mwaka uliofuata mwezi wa pili.

Sasa hapo utasema chama kilishindwa. Mimi sisemi hivo, walipigana na walishinda mbele ya jaji. Shida ni kwamba jaji hana mfuko. Ukitaka kuelewa kwa nini bajeti ikibana mwalimu ndo huguswa kwanza piga hii hesabu ndogo: tuko walimu zaidi ya laki tatu, ongeza kila mmoja shilingi elfu moja tu kwa mwezi, hiyo ni zaidi ya milioni 300, kwa mwaka bilioni 3.6. Elfu moja tu! Ambayo kwangu ni nauli ya wiki. Ndo maana kila mkataba ni vita, juu kuna mwajiri TSC, kuna SRC, ile tume ya mishahara, lazima itoe ushauri, kuna Hazina, kuna Bunge, na kila mlango unaweza kufungwa. Huwa nawaelewa wanaosema nchi ina madeni. Lakini mbona mshahara wetu ndo hukumbukwa wakati wa kubana mkanda.

Mkataba wa Oktoba 2016 nao niuseme vizuri juu haki ni haki, ulikuwa wa 2017 hadi 2021, bilioni 54, na mimi niliona tofauti kwa peslipu, kidogo kidogo lakini niliiona. Halafu 2019 ikaja ile fujo, KNUT na TSC wakavutana mahakamani, memba wa KNUT wakakosa nyongeza yenye wenzao walipata, na walimu zaidi ya laki moja wakahama chama. Nataka vijana waikumbuke hiyo kabla ya kusaini. Viongozi wakikorofishana na mwajiri, wewe wa darasani ndo unalala njaa, kiongozi bado ako na gari. Wilson Sossion, katibu mkuu wa KNUT, alijiuzulu 2021, akaingia Collins Oyuu, na Julai hiyo hiyo ukasainiwa mkataba wa 2021 hadi 2025 usio na hata shilingi moja ndani. Mpaka Agosti 2023 ndo ikaongezwa asilimia 7 hadi 10 kwa awamu mbili.

Hiyo awamu ya pili ilinionyesha shida yenyewe iko wapi. Ilikuwa ianze Julai 2024. Nilifungua T-Pay, mtandao wa TSC wa kuona peslipu, usiku, bando zikikaribia kuisha, nikashuka pole pole mpaka kwa besiki nikaikuta ile ile ya mwaka jana, nikafunga nikafungua tena nikidhani ni mtandao. Mswada wa Fedha, ule wa kuongeza kodi, ulikuwa umeondolewa Juni 26 baada ya vijana kuingia barabarani, na nasema wazi vijana walikuwa na haki, wengine ni wanafunzi wangu wa zamani. Lakini pesa ilipopungua watu wa Nairobi wakaanza kukata hata vitu vilivyokuwa vimesainiwa tayari. KUPPET, chama cha walimu wa sekondari, wakaanza mgomo Agosti 26, KNUT wakausimamisha wao siku moja kabla, kwetu stafurumu moja ikagawanyika, nusu wako nyumbani nusu wako na chaki, na watoto wanauliza madam leo tuko ama hatuko. Baadaye bilioni 13.3 zikapatikana na nyongeza ikalipwa.

Ililipwa, ndio. Lakini mbona tungoje Agosti? Bajeti ya nchi haipikwi Agosti. Taarifa ya sera ya bajeti hufika Bunge kabla ya Februari 15, makadirio yanafika kabla ya Aprili 30, mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Kati ya Februari na Juni kamati za Bunge huita watu watoe maoni, na hapo ndo mimi nataka kuona viongozi wangu wamejaa na kalkuleta zao, wanauliza, hii laini ya mkataba wetu iko wapi, shilingi ngapi, ukurasa gani. Sufuria ikishaoshwa ndo sisi tunabeba sahani. Huu mkataba mpya wa 2025 hadi 2029, uliosainiwa Julai 2025, ni bilioni 33.8 kwa awamu mbili, ya kwanza tumeiona, ya pili ni Julai 2026, na kwa mkutano wa tawi nilisimama nikauliza hilo swali la ukurasa. Nilijibiwa, mwalimu, tuamini. Nilikaa chini lakini sikuridhika.

Sasa niwaambie mahali nilipata thamani ya pesa yangu yote, na ningelipa tena. Mwaka mmoja niliandikiwa barua ya kujieleza, ile tunaita shoo kozi, eti nimekosa kazini siku tatu bila ruhusa. Mtoto wangu alikuwa amelazwa Kisumu, nilipiga simu shuleni usiku, hakuna aliyeandika popote. Barua nikaikalia kwa uoga, nilikuwa naiweka chini ya godoro kama kitu cha wizi, mpaka siku za kujibu zikabaki nne. Nikampigia mzee mmoja wa kamati ya tawi, mwalimu mstaafu mtarajiwa, na kesho yake alasiri alikuwa amefika kwangu na bodaboda, tukakaa chini ya mwembe. Akavaa miwani, akasoma ile barua mara tatu na biki mkononi akipiga mstari chini ya tarehe. Hakuniuliza kama nina makosa. Aliniuliza, "Madam, karatasi ya hospitali ya kuruhusiwa iko?" Ilikuwa. "Rekodi ya ile simu?" Hiyo pia ilikuwa bado kwa simu. Tukaandika jibu ukurasa mmoja, akanikataza kuandika neno "samahani" mahali popote, akasema eleza kilichotokea tarehe kwa tarehe na ukomee hapo. Siku ya kuitwa alikuja na matatu, akakaa kando yangu, akaongea dakika kama tano hivi, na kesi ikafungwa. Sikutoa hata mia. Nilijaribu kumpatia nauli akakataa akasema nauli ulishalipa zamani kwa peslipu.

Wale wenzangu ambao hawako kwa chama na wakapata barua kama hiyo huwa wanamtafuta wakili, na wakili hata kukusikiliza tu ni pesa.

Upande wa mazishi ndo ulinivunja moyo. Huku kwetu mnajua matanga ni nini, mahema, viti, chakula cha siku kadhaa, watu wanatoka mpaka Nakuru na Mombasa, na mfuko wa mazishi wa tawi ndo kitu kinafanya walimu wengi wasaini hata bila kusoma, unakatwa kando ya ada. Mama yangu alifariki Machi. Waliahidi elfu 50 kwa mzazi. Nikapeleka kibali cha mazishi, barua ya chifu, kopi ya kitambulisho na peslipu ya kuonyesha nimekatwa, nikaambiwa wiki mbili. Mama akazikwa na pesa ya chama cha kina mama kijijini yenye riba. Mei nikarudi, ofisi imefungwa, wako semina. Juni nikaambiwa faili haionekani, nilete kopi tena, na nikiwa nimesimama pale nikaona droo iko wazi, mafaili yamefungwa na kamba ya katani, na moja juu kabisa ina picha ndogo ya mama yangu ile nilibandika kwa stepla nyekundu. Nikasema, dada, si ni hiyo. Akaangalia, akasema haya, kumbe. Pesa iliingia Novemba. Miezi minane. Kila safari ni nauli na ni vipindi nimekosa, na wakati inaingia riba ilikuwa imekula karibu robo. Si pesa tu iliniuma. Kwa matanga kiongozi wa tawi alipewa kipaza sauti akasema chama kiko na madam wakati huu mgumu, watu wakapiga makofi, na mimi nimekaa pale mbele najua sanduku la mama ni la deni.

Na kuna hawa walimu wa intanshipu. 2023 waliingia JSS kwa elfu 20 kabla ya makato, kazi ni ile ile yangu, masomo mengine hata zaidi yangu. Mahakama ya kazi ilisema Aprili 2024 kuwaweka hivo si halali, Mei wakagoma wenyewe, na 46,000 wakaja kupewa ajira ya kudumu Januari 2025. Vyama vyote viwili viliwagombania wakishaajiriwa. Walipokuwa wanalipwa ile elfu 20 na kupanga chumba kimoja wawili wawili, sikuona fomu ikiletwa stafurumu kwetu.

Kwa hivyo nikipewa nyota tano nigawe, utetezi wa kazi naupa tano, kujadili mshahara naupa tatu, mfuko wa mazishi moja, na hiyo moja ni kwa sababu pesa mwishowe ilifika. Vijana wangu, mimi ningesaini. Lakini kabla ya kuweka sahihi muulizeni aliyeleta fomu mambo matatu: nikipata shoo kozi nampigia nani na namba yake ni gani, mfuko wa mazishi unalipa ndani ya siku ngapi na hiyo imeandikwa wapi, na ile awamu ya Julai 2026 iko ukurasa gani wa bajeti. Akikasirika mwambieni ni madam amewatuma.

Mmoja alisaini Ijumaa. Mwingine amebeba fomu nyumbani, na jana alinitumia meseji akiomba namba ya yule mzee wa miwani. Nimemtumia.