Pugin au Butterfield: uende kanisa lipi?

Una siku moja tu Uingereza, na unataka kuona kanisa la msanifu majengo maarufu wa karne ya 19. Uende St Giles la Pugin, kule Cheadle, mji mdogo wa Staffordshire, au All Saints la Butterfield, Margaret Street, London?

Kwa usafiri, Butterfield hana mpinzani: unashuka kituo cha treni cha Oxford Circus, unatembea dakika chache. Cheadle haifikiwi na treni.

Ndani ndipo ninapopata kigugumizi. Pugin alimaliza lake mwaka 1846 kwa fedha za Lodi Shrewsbury, Mkatoliki mwenzake, na hakuacha nguzo wala ukuta bila rangi. Mlangoni tu unapokewa na simba wa dhahabu juu ya wekundu mkali. Mimi nilisimama hapo muda mrefu kabla ya kuingia. Butterfield, Mwanglikana, alianza lake 1850, akapamba kwa matofali yenyewe, mekundu yenye mistari myeusi nje, na kwa vigae vya rangi ndani. Rangi imo ukutani, haibanduki; kwa matunzo amemshinda Pugin.

Mwanafunzi wa ujenzi, au mwenye saa mbili London, aende Margaret Street. Mwenye siku nzima na kiu ya rangi, apande basi la Cheadle.