Kliniki ya hedhi za wasichana, Malindi: maswali mazuri, altrasaundi ya haraka mno

Huduma hii ya ovari zenye vifuko vingi (PCOS, hali ya homoni inayovuruga hedhi), inayotolewa na kliniki moja ya binafsi Malindi mjini, inastahili sifa kubwa kwa sababu msichana husikilizwa kabla ya kupimwa. Muuguzi huuliza tarehe za hedhi, chunusi sugu, nywele za kidevuni. Hapo ndipo tatizo linapojulikana. Miaka 3 baada ya kuvunja ungo, mzunguko unaozidi siku 35, au usiofika 21, si wa kupuuzwa.

Kasoro ni altrasaundi. Wanampima hata binti wa miaka 15, ilhali ndani ya miaka 8 tangu hedhi ya kwanza ovari zenye afya kabisa zaweza kuonekana na vifuko vingi. Picha hiyo humtia hofu bure, yeye na mamake. Fedha hizo zingefaa kupima homoni za kiume, prolaktini (homoni ya maziwa ya mama) na tezi ya thairoidi iliyo shingoni, maana tezi hiyo ikifanya kazi kwa ulegevu nayo huvuruga hedhi. Kipimo cha mimba hawakisahau, vizuri.

Ushauri wa chakula ni wa kipwani hasa: wali wa nazi upungue sahanini, samaki na mchicha viongezwe, mahamri na chai ya sukari visiwe vya kila asubuhi. Metfomini, dawa ya kisukari itumikayo pia kwa hali hii, huanzia miligramu 500 pamoja na chakula, ikipandishwa polepole. Dozi kubwa ya ghafla huharisha, na wengi huiacha.

Waongeze onyo hili: hedhi ikikosekana miezi 3, rudi upesi, kwani ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi huzidi kunenepa.