Rangi ya unga ya River Road: shuka zimefufuka, mapazia yamenikataa

Nimejaribu rangi ya unga ya kubadilisha rangi ya nguo. Naanza na bei, juu najua ndio mnatafuta. Paketi ilikuwa soo moja (shilingi mia), nilichukua nne, tatu nevi bluu na moja nyeusi, kwa kaduka fulani River Road, Nairobi, huwa kanauza nyuzi, zipu na vifungo. Nilikuwa na shuka mbili za krimu zimepauka mpaka zinafanana na gunia la unga, foronya nne za pinki za enzi za chuo, mapazia ya sebuleni, taulo mbili, na vile vitambaa vya kochi mamangu alinishonea nikihamia kwangu, vilikuwa vyeupe lakini kwa nyumba yenye mtoto wa miaka mitatu mnajua vile cheupe huisha.

Mwenye duka akaniambia, "Madam hii inashika kila kitu, weka tu maji moto na chumvi." Maji moto na chumvi sina ubishi, ni hiyo "kila kitu" ndio ilinitoa jasho.

Shuka kwanza, hizo ni pamba tupu. Nikazilowesha maji ya kawaida kabla, juu kitambaa kikavu kinakunywa rangi kwa mabaka mabaka, nikakoroga unga kando na maji moto, nikachuja na soksi ya zamani (wacha kucheka, chembe moja isiyoyeyuka inakuachia doti haitoki milele), nikamwaga kwa sufuria kubwa na nusu kilo ya chumvi. Wengi hufikiri chumvi ni ya kufunga rangi isichuje, hapana, kazi yake ni kuisukuma itoke kwa maji iingie kwa pamba, so ukiitia siku ya kufua umeharibu chumvi bure. Siki nayo iache na chips, hiyo husaidia sufu, kwa pamba haina kazi. Shuka moja moja, usizisonge, zinafaa ziogelee, na ukae hapo ukikoroga na mti wa ufagio kama dakika 45, hakuna kwenda kucheki simu.

Manze zimetoka! Nevi ya ukweli. Zikiwa na maji huonekana nyeusi kabisa, zikikauka rangi inashuka kiasi, kwa hivyo usizitoe mapema ukidhani zimeiva. Uzi wa pindo umebaki krimu juu huo ni polyester, na sasa inakaa dizaini, jirani ameniuliza nimenunua wapi nikamwambia Eastleigh.

Foronya niliziweka pamoja na shuka ya pili. Pinki ukipaka bluu unapata zambarau, hilo nililijua, lakini kumbe zilikuwa pamba nusu polyester nusu, na rangi inashika ile nusu ya pamba peke yake, zikatoka zambarau ya vumbi vumbi. Si mbaya. Taulo ni makosa yangu, taulo ni nzito na rangi hupimwa na uzito wa kitambaa kikiwa kikavu, paketi moja ya nyeusi kwa taulo mbili imenipa kijivu cha punda.

Sasa mapazia. Nimechemsha karibu masaa mawili, gesi inaisha nikiona, maji yakabaki bluu vile vile na mapazia yakatoka ni kama yamefuliwa na jinzi. Ni polyester yote, na polyester inataka rangi ya aina yake na moto mkali wa kuchemka. Hii kitu ungejua na kiberiti tu, ng'oa uzi kwa pindo uchome, pamba inanuka karatasi iliyoungua na kubaki jivu laini, polyester inayeyuka inakuwa kadonge kagumu. Mwenye duka alikuwa na kiberiti hapo kwa kaunta! Vitambaa vya kochi ni vile vile, uzi wa akriliki, havikushika rangi na juu ya hiyo joto limevilegeza vikapoteza umbo. Mama alipiga simu, "Ati umechemsha vitambaa vyangu?" Hiyo kesi bado iko.

Gharama ambayo haijaandikwa kwa paketi: mitungi mitano ya maji juu siku hiyo mfereji ulikuwa mkavu, gesi, na sufuria yangu ya maji ya kuoga ambayo imestaafu, hata usiwahi kurudisha chakula ndani. Vaa glavu. Kwa beseni la kuoshea vyombo Jik (dawa ya madoa) iliondoa doa la rangi kabla keateka wa nyumba hajaona. Na fua hizo shuka peke yake mara tatu nne za kwanza, bado zinachuja kidogo.

Rangi yenyewe naipa 4 kwa 5, mwenye duka 2. Mwisho wa mwezi narudi kuchukua nyeusi mbili za zile taulo, na kiberiti kikiwa kwa mkoba.