Trapu ya sinki la kunawia mikono: ipi ya kununua kwanza, ipi ya kuacha dukani

Sinki la kunawia mikono likishafungwa ukutani, kinachoamua kama bafu litanuka au halitanuka ni kipande kilichofichwa chini yake, yaani trapu. Kona yake hubakiza maji, na maji hayo, yenye kina cha milimita 50 hadi 75, ndiyo yanayoizuia hewa ya shimo la choo isipande ndani ya nyumba. Kwa hiyo anayekwenda soko la Mwanjelwa, Mbeya, kununua vifaa asiulize bei kabla hajaiangalia kona hiyo.

Nafasi ya kwanza naipa pi-trapu, yaani trapu ya bomba lililopinda kama herufi P, ya plastiki ngumu yenye nati za kufungua kwa mkono. Njia yake ni laini mwanzo hadi mwisho, jambo lenye uzito mkubwa huku kwetu nyanda za juu, ambako Juni na Julai maji ya bomba huwa baridi kiasi cha kuyafanya mafuta ya sabuni yagande ndani ya bomba. Ikiziba, unaweka ndoo chini, unafungua nati mbili, unaisuuza na kuirudisha, bila kumwita fundi.

Ya pili ni botol trapu, yaani trapu yenye umbo la chupa, ya plastiki, inayofaa pale ambapo nafasi ni finyu, ingawa kikombe chake hukusanya uchafu na hudai kufunguliwa mara kwa mara. Ile ya shaba ya njano (brasi) iliyopakwa kromu naiweka ya tatu kwa sababu ya bei tu. Kabla ya kuilipia, chungulia meno ya ndani ambako kromu haikufika: brasi halisi huonekana ya njano, na ukiona kijivu, irudishe.

Ya mwisho ni bomba la fleksibo lenye mikunjo, na naomba msomaji anisikilize hapa. Nililifunga nyumbani kwa mama, Iringa, kwa kuwa lilikuwa rahisi. Baada ya miezi michache mikunjo ilijaa utando mweusi wa sabuni na nywele, kisha bomba likalegea, kona niliyoipinda kwa mkono ikanyooka, na maji ya kuzuia harufu yakaisha. Mama aliamini kwamba shimo limejaa, akawa tayari kuita gari la kunyonya majitaka, kumbe tatizo lilikuwa chini ya sinki.

Trapu inunuliwe pamoja na westi yake, yaani kipande kinachofungwa kwenye tundu la chini la sinki. Sinki la kunawia kwa kawaida hutumia inchi 1¼, yaani milimita 32, wakati la jikoni hutumia inchi 1½. Kama sinki lina tundu la kupunguzia maji karibu na ukingo, chukua westi yenye upenyo ubavuni. Kama halina, chukua isiyo na upenyo.

Wakati wa kufunga, upande mwembamba wa mpira (pete ya kuzuia maji iliyo ndani ya nati) uelekee ndani ya kiungo na ule bapa uelekee nati. Nati za plastiki zikazwe kwa mkono, kwa sababu spana huzipasua. Bomba la kuelekea ukutani lishuke kama sentimita 2 kwa kila mita. Kisha jaza sinki, chomoa kizibo, na maji yakiwa yanashuka kwa nguvu pitisha karatasi kavu ya chooni kuzunguka kila nati; ikilowa, fungua na uupange mpira upya kabla fundi hajaondoka.